Jaribio la Kumi na Nane

Agosti, chuoni kilimani, upepo wa Dodoma
unasaga vumbi kwenye vioo.
Nimeziba nyufa za dirisha kwa gazeti na gundi,
maana feni ya kompyuta ikivuta mchanga
itakohoa, na vipimo vyangu vitakohoa nayo.

Kazi ni moja: visima vya Mzakwe.
Maji yamelala wapi, yameshuka kiasi gani,
milinganyo elfu tisini na mbili
imeshikana mikono kama watoto wa chekechea wakivuka barabara:
ukimvuta mmoja, wote wanayumba.

Programu nayo ni moja, ila ya rika mbili.
Toleo la tano ndilo lililonilea kazini.
La sita limefika Juni,
sifa zimelitangulia kama ngoma ya mtaa wa pili.

Nikawasha saa.
La sita: dakika nne na sekunde kumi na moja.
La tano: dakika thelathini na nane.
Ndahani, mwanafunzi wangu, akapiga meza:
"Madamu, andika tukale!"
Nikamwambia keti.
Tumepima miguu, hatujapima tumbo.

La tano lilikula gigabaiti moja na robo, likajifuta mdomo.
La sita, kumi na moja,
na bado linalamba sufuria.

La tano ni bahili.
Likikutana na sifuri linaipita bila salamu,
likilihitaji jibu la jana linalikokotoa upya,
taratibu, bila kulalamika.
La sita halisahau. Kila jibu la katikati limelihifadhi,
hata sifuri limezipangia vyumba,
vyumba vitupu, vimefagiliwa, taa zinawaka.
Ndiyo maana haliendi kutafuta kitu:
linanyoosha mkono tu.

Nikamkumbuka shangazi Mbeleje wa Bahi.
Alijua nani alileta debe la uwele msibani
na nani alileta maneno.
Ukimuuliza, jibu halikuchelewa hata pumzi moja.
Lakini usiku tulimsikia akigeuka kitandani, akigeuka,
hadi jogoo wa tatu.

Alasiri tukashuka Mzakwe, flashi mfukoni,
ofisini kwa Chilongani, mpimaji wa visima.
Kompyuta yake imefunikwa kitenge,
kumbukumbu gigabaiti mbili, na kitufe cha sita kimeng'oka.
Tukaliwasha la sita.
Lilitoka mbio, lilitoka vizuri,
kisha nafasi ikajaa, likaanza kuhamishia mizigo kwenye diski,
na diski ni mbali,
kila tarakimu ikawa ya kufuatwa
kama ndoo ya Oktoba.
"Imelala," akasema Chilongani.
Saa moja. Saa ya pili.
Tukaizima kwa kidole, kwa aibu.

La tano: dakika hamsini na mbili.
Chilongani akatoka kusoma mita za visima vitatu,
akarudi, akanawa,
akalikuta jibu limekaa linamsubiri.

Nikamwonyesha pia tofauti:
majibu ya matoleo haya yanakwenda sawa
hadi tarakimu ya tisa baada ya nukta,
kisha kila moja linashika njia yake.
Akaangalia, akaangalia tena, akacheka kwa adabu.
"Mwalimu, kamba yangu ina fundo kila nusu mita."

Jioni, kilimani, nikachora jedwali.
Safu ya kasi. Safu ya kumbukumbu.
Ndahani akauliza, sasa mshindi nani?
Nikaongeza safu ya tatu, nikaiandika juu: *Kwa nani?*
Nikakaa nayo, kalamu hewani,
huku la sita likikimbia jaribio la kumi na nane
ili nipate wastani mzuri.

Saa tatu kasorobo umeme ukakatika.

Feni ikashusha pumzi, ikanyamaza.
Gizani nikasikia vumbi likigonga kioo.
Lilikuwa limebakiza sekunde ishirini, labda,
na lilikuwa linakumbuka kila kitu.